Bili ya Upepo

Siku ya uzinduzi tulikata utepe
mbele ya ofisi inayonuka rangi mbichi, Chumbageni.
Kitengo kipya cha Dira za Maji:
kompyuta saba, fulana tisini, nembo ya tone linalotabasamu,
na mimi, Karani Mkuu wa Ankara,
nimekabwa na tai ya kuazima.
Mgeni rasmi akasema, huu ni mwanzo.
Tukapiga makofi. Pilau lilikuwepo.

Mwezi wa pili watu wakaanza kuja na karatasi,
foleni ikafika hadi kwa muuza mbaazi.
Bi Mgeni Kibwana wa Barabara ya Kumi na Nane
akailaza bili mezani, akainyoosha kwa kiganja
kama anayenyoosha kanga:
"Mwanangu, maji yametoka siku nne mwezi mzima.
Haya ya elfu arobaini na mbili nimeyanywa lini?"
Nikamgeuzia kioo cha kompyuta.
Mama, mfumo hausemi uongo. Namba ni namba.
Akanitazama
kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyelewa mchana.

Tukaunda kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo.
Tukabeba mpango mkakati hadi Lushoto kuujadili,
maana Tanga kulikuwa na joto.
Tukaazimia: wananchi waelimishwe.

Mwantumu Semhando hakuwemo kwenye gari la Lushoto.
Fundi daraja la tatu. Kwenye chati ya ukutani
jina lake lilikuwa chini kabisa, pale gundi ilipobanduka.
Aliniambia tu, koridoni:
"Leo saa tisa usiku maji yanarudi Ngamiani.
Njoo na daftari. Tai iache."

Akafika na baiskeli, nondo imefungwa kwenye fremu.
Akaegemeza ncha moja kwenye bomba,
nyingine sikioni, kisha akanipa.
Nikasikia mluzi, mwembamba, wa mtu anayepita mbali.
Dira ya Bi Mgeni ikaanza kuzunguka.
Mwantumu akafungua koki ya uani:
ikakohoa, ikapumua, ikapumua tena,
namba zikapanda,
na ndoo chini yake ilikuwa kavu kama kipara cha mgeni rasmi.

"Hewa," akasema.
"Maji yakikatwa, bomba hujaa hewa. Yakirudi, huisukuma.
Dira haijui maji wala upepo.
Inajua kusukumwa."

Ankara elfu sita na ushee.
Saini yangu chini ya kila moja.
Watu huuziwa mbuzi kwenye gunia;
sisi tuliuza gunia.

Alinichorea kwa chaki, mgongoni mwa mlango wa stoo:
vali thelathini na moja za kutolea hewa,
kila pale bomba linapopanda mgongo,
na kwenye kompyuta zangu, safu moja tu ya nyongeza:
maji yalitoka saa ngapi.
Hata uji wa mtoto haukuhitaji muda mrefu kuliko ule.

"Mbona hukusema?"
"Niliandika barua tatu."
Nikazikuta. Zilikuwa kwenye jalada la Mengineyo,
chini ya risiti za fulana.

Walimwita kikaoni. Viti kumi na viwili, watu kumi na wawili.
Akaeleza akiwa amesimama, mikono nyuma,
asije akatia grisi kitambaa cha meza.
Meneja aliuliza swali moja:
je, vali zitabandikwa nembo?

Vali tisa zimefungwa. Ishirini na mbili zinasubiri bajeti.
Mlango wa stoo nimekataza usipigwe rangi.

Jana nilimpelekea Bi Mgeni fedha zake, nyumbani,
nikamsomea barua ya kuomba radhi hadi mwisho.
Akahesabu noti, akazifunga kwenye pindo la kanga.
"Na ile hewa," akauliza, "niirudishe, au nibaki nayo?"

Nilifungua daftari.
Sikujua niandike kwenye safu ipi.